Knud Rasmussen: Mwenye duka aliyekusanya hadithi za Wainuit

WAZUNGU wengi waliokwenda nchi za barafu za Kaskazini walikuwa wakitafuta sifa ya kuifikia ncha ya dunia. Knud Rasmussen alikwenda kusikiliza wazee.

Alizaliwa Juni 7, 1879, katika kijiji cha Jakobshavn, sasa Ilulissat, magharibi mwa Greenland. Baba yake alikuwa mchungaji kutoka Denmark. Mama yake alikuwa na damu ya Kiinuit. Lugha ya michezo yake ya utotoni ilikuwa Kigreenland, na alijifunza mapema kuendesha sleji, yaani chombo cha kuteleza juu ya theluji kinachovutwa na mbwa. Alipelekwa Denmark kusoma, akajaribu uigizaji na uimbaji, akashindwa.

Mwaka 1910, yeye na rafiki yake Peter Freuchen walifungua duka kaskazini-magharibi mwa Greenland, wakaliita Thule. Wawindaji walileta ngozi za mbweha, wakaondoka na bunduki na vyombo vya chuma. Faida ya duka hilo ilisaidia kugharimia safari zake za utafiti. Hapo ndipo penye utata wa maisha yake: mtu aliyekimbilia kuandika mila za Wainuit kabla hazijapotea alikuwa mfanyabiashara, tena mwana wa mchungaji, na mila hizo zilikuwa zikibadilishwa na biashara na dini mpya.

Safari yake ya tano, ya 1921 hadi 1924, ndiyo iliyompa jina. Miongoni mwa Wainuit wa Igloolik, kaskazini mwa Kanada, alimpata mganga Aua. Huyo alimweleza kwamba watu wake hawakushika miiko kwa sababu waliielewa, bali kwa kuogopa njaa, baridi na maradhi. Waliamini kwamba chini ya bahari anakaa mwanamke mwenye mamlaka juu ya sili na wanyama wengine wa majini. Miiko ikivunjwa, hukasirika na kuwazuia wanyama. Mganga hana budi kumwendea kwa roho, amtengeneze nywele na kumtuliza, ndipo watu wapate kula.

Machi 1923 Rasmussen aliondoka kuelekea magharibi pamoja na Wainuit wawili wa Greenland, Qaavigarsuaq na mwanamke aitwaye Arnarulunnguaq. Huyu mama hasifiwi inavyostahili. Katika baridi ile vazi la ngozi likichanika mtu hufa, na mshonaji alikuwa yeye. Walivuka hadi Alaska kwa mbwa, na karibu kote lugha ya Greenland ilieleweka, isipokuwa kwa Wayupik, ambao lugha yao iko mbali zaidi. Rasmussen alivuka mpaka Siberia, lakini wakuu wa Kisovieti walimrudisha.

Mwaka 1933, akiwa katika safari ya saba, aliugua kutokana na chakula kilichomdhuru, kisha akapatwa na homa ya mapafu. Alifariki Denmark Desemba 21 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 54.

Wenyeji wa Thule walihamishwa mwaka 1953, baada ya Marekani kujenga kambi ya ndege za kijeshi katika eneo lao. Na mwaka 2006, Wainuit wa Igloolik walishiriki kutengeneza filamu iliyotokana na maandishi ya Rasmussen. Inasimulia jinsi jamaa ya Aua ilivyoacha mila zake na kuingia Ukristo, njaa ikiwa mlangoni.