Henrietta Lacks, mama ambaye seli zake zilichukua nafasi ya nyani katika maabara

Henrietta Lacks alifariki Oktoba 4, 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, akiwa na miaka 31. Seli za mwili wake zinaishi hadi leo katika maabara za dunia nzima.

Alizaliwa Agosti 1, 1920 huko Roanoke, jimbo la Virginia. Mama yake alifariki mwaka 1924, na babu yake akamlea Clover, kijiji cha wakulima wa tumbaku. Mwaka 1941 aliolewa na David Lacks. Baadaye walihamia karibu na Baltimore, mume akafanya kazi kwenye kiwanda cha chuma. Walipata watoto watano.

Januari 1951, alienda hospitali kwa sababu ya uvimbe na kutokwa damu. Madaktari walimkuta na kansa ya mlango wa kizazi. Walikata kipande cha uvimbe na kukipeleka kwa mtafiti George Gey, bila kumuomba mgonjwa ruhusa. Hadi hapo, seli za watu zilizotunzwa na Gey zilikuwa zinakufa haraka. Zile za Henrietta ziliongezeka maradufu karibu kila saa 24. Zikaitwa HeLa, kwa herufi za majina yake.

Miaka hiyo polio ilikuwa inalemaza watoto wengi. Ili kujua kama chanjo ya Jonas Salk inakinga, damu ya waliochanjwa ilichanganywa na virusi na kuwekwa kwenye seli hai: zikibaki hai, mtoto amepata kinga. Seli za kazi hiyo zilitoka kwa nyani, ambao waliuawa na ambao bei yao ilikuwa kali. Ilipogunduliwa kwamba virusi vya polio vinaingia kwa urahisi ndani ya HeLa, maabara ya Tuskegee, chuo cha Wamarekani weusi huko Alabama, ilianza kuzizalisha. Kati ya 1953 na 1955 ilituma mirija karibu 600,000. Aprili 12, 1955, ilitangazwa kwamba chanjo ni salama na inakinga.

Nyani hawakuachwa kabisa, kwa kuwa chanjo yenyewe ilikuzwa katika seli za figo zao. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Mwaka 1959, Waingereza William Russell na Rex Burch waliandika kwamba mtafiti atafute kwanza njia isiyohitaji mnyama, apunguze idadi ya wanyama, na apunguze mateso yao.

Familia ya Henrietta ilipata habari za seli hizo zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake, huku makampuni yakiziuza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilimpa heshima, na mwaka 2023 familia ilifikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher, ambayo familia ilikuwa imeishitaki.

Leo maabara nyingi zinatumia seli za watu pale zilipotumia wanyama. Kila seli hizo zina mwenyewe, na mwenyewe anapaswa kuulizwa kwanza. Henrietta hakuulizwa.