Daktari Aliyetazama Ndani ya Koo

Gusa koo lako kwa mbele. Unasikia kitu kigumu? Hiyo ni njia ya hewa iendayo mapafuni. Nyuma yake iko njia ya chakula. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko penseli. Punje moja ya karanga yaweza kuiziba.

Zamani, kitu kikikwama humo, daktari hakuweza kukiona. Wagonjwa wengi walikufa. Mwaka 1897 daktari Mjerumani, Gustav Killian, alipitisha bomba katika njia ya hewa ya mtu akatoa mfupa. Kazi hiyo iliendelezwa sana na Chevalier Jackson.

Jackson alizaliwa mwaka 1865 mjini Pittsburgh, Marekani. Alimaliza masomo ya udaktari mwaka 1886. Alitengeneza bomba jembamba, akaweka taa ndogo kwenye ncha yake. Sasa aliweza kuona mpaka ndani ya kifua.

Kazi hii ilitaka vipimo. Bomba nene lingemjeruhi mtoto. Kwa hiyo alikuwa na mabomba ya unene na urefu mbalimbali. Kwanza alitazama picha ya eksirei. Kitu kimelala wapi? Ncha yake inaelekea wapi? Kisha alifanya mazoezi kwa kitu cha namna ileile. Ndipo alipokishika kwa koleo jembamba, akakivuta polepole.

Alitoa sarafu, vifungo, pini na mifupa. Vitu zaidi ya 2,000 vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Philadelphia.

Lakini Jackson aliona jambo lingine la kusikitisha. Watu walinunua magadi makali ya kusafishia na kutengenezea sabuni. Yalifanana na sukari. Watoto waliyala, yakaunguza njia ya chakula. Kovu liliziba njia. Mtoto mmoja wa kike hakuweza kumeza hata maji. Jackson alimtibu, akanywa tena.

Jackson alijua kwamba kutibu peke yake hakutoshi. Makopo hayakuonya mtu kwamba ndani mna sumu. Kwa miaka mingi aliwaeleza viongozi jambo hilo. Mwaka 1927 Marekani ilipitisha sheria. Kila kopo liandikwe neno SUMU kwa herufi kubwa, pamoja na maelezo ya huduma ya kwanza.

Jackson mwenyewe aliugua kifua kikuu, lakini aliendelea kufanya kazi na kufundisha madaktari. Alifariki mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 92.

Siku hizi iko mashine ya CT. Hupiga picha za mwili kipande kwa kipande, na daktari hupima upana wa njia ya hewa kabla ya kugusa mgonjwa. Hata hivyo, bomba lenye taa bado linatumika.

Wewe sasa unajua kusoma. Soma maandishi ya kila kopo kabla ya kuliweka nyumbani. Usitie sumu wala mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto mdogo hajui kusoma. Msomee wewe.

Maswali
1. Kwa nini Jackson alikuwa na mabomba ya unene mbalimbali?
2. Sheria ya mwaka 1927 iliagiza nini?
3. Nyumbani kwako, sumu huwekwa wapi?