Siti binti Saad: Jina, Lugha na Utambulisho katika Unguja ya Wakati Wake

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani. Lakini lipo jina ambalo mtu hupewa na wazazi, lipo ambalo hutwikwa na jamii, na lipo ambalo hulichuma mwenyewe kwa jasho lake. Msanii anayejulikana leo kote Afrika Mashariki kama Siti binti Saad aliyabeba yote matatu. Alizaliwa mnamo 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake ya Kizigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa.

Uzito wa jina hilo hauwezi kueleweka bila ya kuielewa jamii iliyolitoa. Unguja ya karne ya kumi na tisa ilikuwa kitovu cha biashara ya watumwa na karafuu chini ya ukoo wa Busaidi. Soko la watumwa lilifungwa 1873, lakini wakati huo maelfu ya watu wa bara walikuwa wamekwisha kuletwa kisiwani, na wengi wao waliendelea kumilikiwa. Katika jamii hiyo watu hawakupangwa kwa rangi ya ngozi peke yake. Walipimwa kwa dini, nasaba, mavazi, lugha na mwenendo. Kilele cha ngazi hiyo hapo kale kiliitwa uungwana. Baadaye, utawala wa Waarabu ulipokita mizizi, neno ustaarabu lilishika nafasi hiyo, na mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja kwamba neno lenyewe limetokana na Uarabu. Chini kabisa uliwekwa ushenzi, yaani hali ya mtu wa bara asiye na dini wala ukoo unaojulikana mwambao.

Mtazamo huu ulikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja ulikuwa wa kikatili, kwa sababu ulimfundisha mtoto wa Kinyamwezi au wa Kizigua kuuonea haya utoko wake. Kwa upande mwingine uliacha mlango wazi. Ngazi iliweza kupandwa. Mtu aliyesilimu, akajifunza adabu za mjini na kuvaa ipasavyo, aliweza yeye au wanawe kuhesabiwa kuwa wenyeji. Hivyo, amri ya Sultani Hamoud ilipoiondoa hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walianza kujivika alama za uungwana walizokuwa wamenyimwa: wanaume kofia na viatu, wanawake kanga na hatimaye buibui. Nguo zilizungumza kabla ya mwenyewe kufungua kinywa.

Mtumwa binti Saad alikulia katika kipindi hicho cha mpito. Hakupata bahati ya kwenda chuoni kusoma Kurani kama watoto wa wenye uwezo. Kazi aliyorithi kwa mamaye ilikuwa ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavitia kichwani na kwenda navyo mjini kwa miguu, akivitembeza mtaa kwa mtaa huku akivinadi kwa sauti. Inasimuliwa kwamba sauti hiyo ilisikika kutoka mbali, na wateja wakamtambua kabla ya kumwona.

Mnamo 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mpigaji udi, ambaye alikitambua kipaji chake na kumfunza misingi ya uimbaji. Alijifunza pia kuisoma Kurani, na akasifika kwa usomaji wake. Ni katika maisha hayo mapya ambapo jina la Mtumwa liliachwa na la Siti likashika. Neno hilo la Kiarabu lina maana ya bibi, mwanamke mwenye heshima. Kwa kubadilisha jina moja tu, msichana wa Fumba alikuwa ameruka kutoka daraja ya chini kabisa hadi ya juu katika msamiati wa jamii yake.

Hapa ndipo linapozuka swali zito. Je, Siti aliikana asili yake? Jina lake jipya lilikuwa la Kiarabu na vazi lake lilikuwa buibui. Mtu angeweza kudai kwamba alikuwa amemeza kasumba ya walioudharau ukoo wake. Dai hilo lina ukweli fulani, kwa kuwa alipanda ngazi ambayo hakuijenga yeye. Hata hivyo, yale aliyoyafanya baada ya kuipanda yanalipunguzia dai hilo nguvu.

Taarab ilikuwa imeingia Unguja kupitia jumba la mfalme. Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliileta kutoka Misri. Iliimbwa kwa Kiarabu na wanaume, mbele ya wakubwa. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa 1905, kiliendeleza utamaduni huo. Siti na wenzake, wakiwemo Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruku na Mwalimu Shaaban, waliichukua ala hiyo hiyo ya udi na mahadhi hayo hayo, wakayatilia Kiswahili. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu na kwa Kihindi pia, na aliitwa kuwatumbuiza matajiri na watawala. Lakini wasikilizaji wake wa kila siku walikuwa watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, makao ya wachuuzi, wapagazi, wafuaji nguo na vizazi vya waliokuwa watumwa.

Nyimbo zao zilisimulia mambo ya watu hao. Mashuhuri zaidi ni wimbo wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Mtuhumiwa alitoroka, ilhali wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio walioingia matatani kortini. Taarab ya jumbani haikuwa na nafasi ya kisa kama hicho. Kwa Siti kisa hicho kilistahili udi na fidla sawasawa na mapenzi ya watukufu.

Mwaka 1928 Siti na kikundi chake walisafiri hadi Bombay kurekodi sauti zao kwa kampuni ya His Master's Voice. Kufikia 1931 zaidi ya sahani 70,000 za santuri za Siti na wenzake zilikuwa zimeuzwa. Kiswahili chake kilisikika katika migahawa na majumba ya mwambao na bara.

Sasa na tuitazame takwimu nyingine ya miaka iyo hiyo. Serikali ya Kiingereza, iliyoifanya Zanzibar nchi ya himaya mwaka 1890, ilikuwa na mtazamo wake kuhusu binadamu. Kwayo, kila mtu alikuwa na kabila au rangi moja aliyozaliwa nayo, na kazi ya serikali ilikuwa kumtia kila mmoja katika safu yake. Katika hesabu ya watu ya 1924, takriban watu 34,000 walijiandikisha kuwa Waswahili. Katika hesabu ya 1931 walibaki takriban 2,000. Watu hao hawakufa wala hawakuhama. Jina Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, likimaanisha mtu asiye na kwao, na wengi waliona afadhali wajiandikishe kwa jina jingine, kama vile Mshirazi.

Kitendawili ndicho hicho. Watu walilikimbia jina la Mswahili kwenye karatasi za serikali huku wakiipokea kwa shangwe sauti iliyoimba kwa Kiswahili. Mbele ya karani mtu alijibu kulingana na faida na hasara ya jibu. Mbele ya santuri alijitambua bila ya kuulizwa. Siti hakutunga nadharia yoyote ya utambulisho, lakini kazi yake iliihamisha heshima kutoka kwenye nasaba na kuiweka katika lugha ambayo mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa tajiri waliimiliki pamoja.

Hilo halikuwapendeza wote. Wapinzani walimtungia wimbo wa kumkejeli, wakimkumbusha kwamba alitoka shamba. Jibu la Siti, lililotolewa pia kwa wimbo, lilikuwa kwamba uzuri wa umbo si hoja, kinachopimwa ni akili. Hakujitafutia nasaba ya kubuni, ingawa katika Unguja ya siku zile hilo lisingekuwa jambo geni. Alikibadilisha kipimo chenyewe.

Ngazi ya zamani, hata hivyo, ilikuwa ikigeuka ukuta. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mgao wa chakula ulifuata safu za kikabila, na safu ikaamua nani apate mchele. Vyama vya siasa navyo vilijengwa juu ya safu zizo hizo, na yaliyofuata hadi mapinduzi ya Januari 1964 yanajulikana. Siti hakuyashuhudia. Alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, ambaye mwenyewe alikuwa na asili ya Kiyao kwa upande wa baba, alizaliwa kando ya Tanga, na akajihesabu kuwa Mswahili. Si ajabu kwamba mwandishi huyo alivutiwa na maisha ya mfinyanzi wa Fumba. Wote wawili walitoka katika koo za bara, na wote wawili waliifanya lugha kuwa kwao. Wanahabari wanawake wa Tanzania, walipoanzisha jarida la chama chao cha TAMWA, waliliita Sauti ya Siti. Jina la Mtumwa limebaki katika vitabu vya historia tu, na ni vyema likabaki humo, ili ijulikane safari ilianzia wapi.