Gunpei Yokoi: Baba wa gemu za mkononi

GUNPEI Yokoi, mzaliwa wa Kyoto, Japan, aliajiriwa na Nintendo mwaka 1965 kutunza mitambo ya kutengenezea karata. Mwaka 1989 timu yake ilitoa Game Boy, chenye kioo kisicho na rangi na betri nne ndogo. Vifaa vya Atari na Sega vilikuwa na rangi, lakini vilimaliza betri upesi, vikashindwa sokoni. Yokoi alipenda teknolojia ya zamani iliyokwisha kuwa rahisi.

Virtual Boy ya mwaka 1995 haikuuzika. Aliondoka mwaka 1996, na mwaka uliofuata akafariki katika ajali ya barabarani, akiwa na miaka 56.

Hakuiona iPhone ya mwaka 2007. Mwaka 2011 Nintendo ililazimika kushusha bei ya 3DS miezi michache tu baada ya kuitoa. Gemu za bei chee zilikwishajaa kwenye simu.