Fahamu jamaa aliyepasha pikipiki ya kwanza mpaka kiti kikashika moto

Asubuhi ya baridi kule Bungu, milimani wilayani Korogwe, bodaboda mzoefu hapigi kiki na kuondoka hapo hapo. Anavuta choki, anaiacha injini ingurume dakika moja hivi, mlio ukitulia ndiyo anapakia abiria.

Si mbwembwe. Oili ya baridi ni nzito, inachelewa kufika kwenye vyuma vinavyosuguana. Petroli nayo haigeuki mvuke kirahisi injini ikiwa ya baridi, ndiyo maana ukiondoka fasta pikipiki inaweza kukuzimikia njiani.

Sasa kuna mtu ambaye kwake kupasha halikuwa suala la uzoefu. Pikipiki yake isipopashwa, haiwaki kabisa. Anaitwa Gottlieb Daimler.

Alizaliwa Machi 17, 1834 katika mji mdogo wa Schorndorf, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Yeye akaenda kujifunza kutengeneza bunduki, halafu akasomea uhandisi.

Alipokuwa anasimamia karakana ya kituo cha kulea yatima huko Reutlingen, alikutana na kijana mmoja fundi hasa, Wilhelm Maybach, aliyekuwa amelelewa hapo. Hawakuachana tena. Walifanya kazi pamoja hata kwenye kiwanda cha Deutz, ambako mwaka 1876 Nikolaus Otto alifanikisha injini ya mipigo minne, mfumo ambao bodaboda nyingi zinautumia mpaka leo.

Lakini injini ya Otto ilikuwa zigo, inakaa chini kiwandani na kuzunguka chini ya mara 200 kwa dakika. Daimler alitaka injini ndogo ya kubebwa na chombo. Wakagombana, na mwaka 1882 akaondoka. Maybach akamfuata.

Walijifungia Cannstatt, karibu na Stuttgart, ndani ya nyumba ya vioo ya kuoteshea maua kwenye bustani ya Daimler. Kazi ilikuwa siri, usiku na mchana. Mtunza bustani akashtuka, akahisi hawa watu wanatengeneza pesa bandia, akawachomea polisi. Askari walipoingia walikuta spana na vyuma tu.

Tatizo kubwa lilikuwa namna ya kuwasha petroli ndani ya silinda haraka haraka. Plagi za umeme za wakati huo hazikuwa za kuaminika. Daimler akachagua njia ya kutisha kidogo: kijibomba chembamba kilichotokeza kwenye silinda, na nje yake kiberenge cha moto kikikichoma.

Dereva anawasha moto kwanza, anasubiri dakika kadhaa hadi kijibomba kiwe chekundu, ndipo anazungusha injini. Petroli ikisukumwa na pistoni ikagusa pale penye joto, inalipuka. Injini ikafika mizunguko 600 kwa dakika.

Agosti 1885 alipata hataza ya chombo kilichobeba injini hiyo. Fremu ya mbao, magurudumu mawili, na mengine mawili madogo pembeni ya kuzuia kisianguke. Nguvu yake nusu farasi tu, mwendo kama kilomita 11 kwa saa. Mtu mwenye mbio angeipita.

Novemba mwaka huo mwanawe Paul, kijana wa miaka 16, aliipanda kutoka Cannstatt hadi Untertürkheim. Ule moto wa kupasha ulikuwa chini ya kiti chake, na kiti kikashika moto kweli.

Daimler hakukaa sana na pikipiki. Akahamishia injini kwenye boti na kwenye gari la kukokotwa na farasi, mwaka 1886.

Kilichomtesa kilikuwa pesa. Mwaka 1890 aliingiza matajiri kwenye kampuni yenye jina lake, na hao hao wakamsukuma nje. Moyo nao ukawa unamsumbua. Katika kipindi hicho kigumu Maybach, akilipwa na Daimler, aliunda kabureta ya kurusha petroli kama manyunyu, babu wa kabureta za bodaboda za leo. Mwaka 1895 walirudi wote wawili, baada ya mfanyabiashara Frederick Simms wa Uingereza kutaka Daimler arudishwe ndipo anunue haki za injini zake.

Alifariki Machi 6, 1900, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 66. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika Korogwe. Iliingia mwaka 1902.

Na ile pikipiki aliyoipanda Paul? Iliteketea kiwanda cha Cannstatt kilipoungua mwaka 1903. Zinazoonekana kwenye makumbusho leo ni nakala.