Edward Tingatinga: Msee wa Rangi za Baiskeli Anayeweza Kuokoa Gemu Yako

Kama uko Shika Adabu na unajenga gemu ya brauza kwa laptop ya kuazima, hii stress unaijua. Chui wako anaruka poa, lakini akianza kutembea anateleza kama sabuni bafuni. Miguu haisongi hata kidogo. Mbogi unayoitumia linki inacheza dakika moja halafu inahepa. Kabla hujalaumu bando, sikia stori ya jamaa aliyekufa 1972, miaka mingi kabla TV haijafika Tanzania bara. Gemu hakuwahi kuiona, lakini dawa ya huyo chui iko kwake.

Anaitwa Edward Saidi Tingatinga. Ndio, kama ile mashine inayobomoa vibanda kando ya barabara, na hiyo si a.k.a., ni jina lake.

Alizaliwa 1932 wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania, kwa familia ya wakulima. Shule hakusoma sana. Miaka ya 50 akatoka nyumbani kutafuta, akaangukia mashamba ya mkonge kule Tanga. Si mbali na wewe. Panda matatu ya Lunga Lunga hapo Likoni, vuka border, endelea mbele. Barabara ileile inayopita upande wenu ndiyo inafika Tanga. Lakini mkonge haukumweka. Akasonga Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumba na shamba kwa Mzungu mmoja wa serikali ya kikoloni. Uhuru ukaja 1961, Wazungu wakafunga virago, na Edward akabaki na hustle za mjini kama wasee wengine. Alipiga hata muziki.

Rangi alizishika 1968, akiwa na miaka 36 hivi. Kama wewe uko 24 na unajiona umechelewa, hesabu tena.

Doo ya vifaa vya wachoraji hakuwa nayo. Alichukua mbao laini za kuzibia dari, akazikata mraba, akanunua rangi za kupaka baiskeli. Hapo ndipo kila kitu kilianzia. Rangi ya baiskeli inang'aa, ni nzito, na haitaki kuchanganywa polepole mpaka itoe kivuli laini. Kwa hivyo alipaka nyuma rangi moja, kisha mnyama mmoja mkubwa akajaza ubao mzima, na mistari na madoadoa yanayoonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Mkewe Agatha alikuwa akiziuza picha pale Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wageni walifanya shopping.

Sasa rudi kwa gemu yako, maana hapa ndipo mzee anakuokoa. Ukichukua picha ya chui iliyopigwa na kamera, ukisogeza mguu, kivuli kinabaki pale pale na chui anaonekana amevunjika. Mnyama wa staili ya Tingatinga hana kivuli. Unamkata vipande: mwili, kichwa, mkia, miguu minne. Unasogeza miguu kidogo, unasevu pozi. Unasogeza tena, unasevu. Mwili usiuchore upya kila mara, unakili uleule, la sivyo madoadoa yatacheza kama kumbikumbi kwenye taa.

Pozi 8 zinatosha kutembea. Kila moja iwe pikseli 64 kwa 64, zipange foleni kwenye faili moja ya PNG yenye nyuma tupu. Utapata ukanda wa pikseli 512. Brauza inaonyesha dirisha la pikseli 64 tu, na CSS inausukuma ukanda nyuma yake kutoka 0 hadi -512 kwa sekunde 0.8. Usisahau steps(8). Bila hiyo ukanda utapita wote mbele ya macho yako kama matatu isiyosimama stage. Ukiwa nayo, kila pozi inakaa sekunde 0.1 na chui anatembea. Na kwa sababu ni faili moja, simu ya mchezaji inaidownload mara moja tu.

Ukitumia canvas, badilisha pozi kwa kuhesabu muda, si kwa kuhesabu kila mara kioo kinapochorwa upya. Simu ya 120 kwa sekunde itamkimbiza chui mara mbili ya simu ya 60, na mwenye simu kali atakufa mapema kwa gemu yako bila kujua kwa nini.

Edward mwenyewe hakufaidi sana. Alipata kazi ndogo Hospitali ya Muhimbili, picha zikaanza kushika, akawafunza ndugu na marafiki wachache kuchora hivyo hivyo. Halafu usiku mmoja wa 1972, akiwa kwenye gari na wenzake, polisi wakadhani ni wezi wanaotoroka. Wakapiga risasi. Alikuwa na miaka 40, na alikuwa amechora miaka minne tu. Manze, minne.

Wanafunzi wake ndio waliobeba jina, na baadaye likawa ushirika wa wachoraji hapo Dar. Mwaka 2010 wanyama hao wakaanza kutembea kwelikweli: Tingatinga Tales, katuni ya vipindi 52 iliyotengenezwa Nairobi pale Homeboyz na kuonyeshwa na CBeebies ya Uingereza. Huenda uliicheki ukiwa mdogo na hukujua Tingatinga ni mtu.

Kwa hivyo ukigoogle chui wa Tingatinga leo, yule anayetokea mara nyingi si wa Edward. Ni wa fundi aliye hai, ana kodi ya nyumba na watoto wa shule. Staili haina mwenyewe, lakini mchoro unaye. Mtafute, muulize bei kabla ya kumkatakata chui wake. Au chora wako mwenyewe: nyuma rangi moja, mistari minene, kivuli hakuna. Anza na mkia. Pozi mbili tu zinatosha kuutikisa.