Richard Allen: Kutoka Utumwani hadi Uaskofu

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii yaafiki maisha ya Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa tarehe 14 Februari 1760. Familia yake ilimilikiwa na wakili Benjamin Chew wa Philadelphia, Marekani, kisha ikauzwa kwa Stokeley Sturgis, mkulima wa Delaware. Madeni yalipomlemea, Sturgis alimuuza mamake Allen pamoja na baadhi ya watoto wake.

Allen alibaki, akaokoka miongoni mwa Wamethodisti. Sturgis naye, alipoyasikia mahubiri dhidi ya utumwa, alikubali Allen ajikomboe kwa dola 2,000 za karatasi. Allen alikata kuni, akafanya kazi kwenye kiwanda cha matofali na kuendesha gari la chumvi wakati wa vita vya uhuru, hadi alipoikamilisha fidia hiyo. Baadaye, mjini Philadelphia, alishona viatu na kuanzisha biashara ya kusafisha dohani.

Mwaka wa 1787, yeye na Absalom Jones waliasisi Free African Society, chama cha kusaidiana katika maradhi na misiba. Waumini weusi walipoinuliwa kwa nguvu wakiwa katika sala katika kanisa la St. George's, walitoka wote kwa pamoja. Mwaka wa 1794 Allen alifungua kanisa la Bethel kwenye kiwanja alichokinunua mwenyewe. Jengo lake la kwanza lilikuwa karakana ya mhunzi iliyokokotwa na farasi hadi hapo. Mwaka wa 1816, makutaniko kadhaa yaliungana kuwa African Methodist Episcopal Church, naye akawa askofu wake wa kwanza.

Mtihani wake mkubwa wa kisiasa ulimfika Januari 1817. Kulikuwa na mpango wa kuwahamishia Afrika watu weusi walio huru, nao viongozi kadhaa, Allen akiwemo, waliuona kuwa na manufaa. Hata hivyo, takribani watu 3,000 waliofurika Bethel waliukataa kwa kauli moja: hawakuwa radhi kuwatupa ndugu zao waliosalia utumwani. Allen aliufuata uamuzi wao, akawa mpinzani wa mpango huo.

Mwaka wa 1830 aliongoza kongamano la kitaifa la watu weusi huru, papo hapo Bethel. Alifariki tarehe 26 Machi 1831. Uhuru wake aliununua kwa jasho. Uongozi wake aliudumisha kwa kuwasikiliza aliowaongoza.